Sizoni Mpya: Uliza Kwanza Kama Imeisha

Simama mbele ya duka lolote la kuingizia picha, liwe Chikongola mjini Mtwara au karibu na soko la Nachingwea. Ukuta wote ni makava: panga, bastola, wapenzi waliopeana migongo. Ukimuuliza kijana wa dukani ipi nzuri, atakujibu "zote kali". Hakudanganyi kwa makusudi, ila hawezi kuwa amezitazama zote. Hata anayezitazama sana hajui wewe unapenda nini, unalala saa ngapi, na sebuleni kwako anakaa nani.

Kwa hiyo swali la "ni nzuri?" liache kwanza. Anza na maswali mawili yenye majibu: imeisha? Na ina urefu gani? Watu wengi wanaojuta kupoteza muda hawakuangushwa na hadithi mbaya. Waliangushwa na hadithi nzuri isiyokuwa na mwisho, au iliyovutwa mpaka ikapoteza ladha.

Kuna neno moja la kuliweka sawa kabla ya kuendelea. Mtaani "sizoni" ni tamthilia nzima, tofauti na picha ya mara moja. Kwa watengenezaji, msimu ni fungu moja tu la episodi ndani ya tamthilia hiyo. Ukisema "niwekee sizoni ya pili", unaweza kuwekewa tamthilia nyingine kabisa. Taja jina, kisha sema "msimu wa pili, episodi ya kwanza mpaka ya mwisho".

Imeisha au bado

Jibu linategemea sana nchi ilikotoka, kwa sababu kila nchi ina namna yake ya kutengeneza.

Za Kikorea ndizo salama zaidi kwa mtu anayetaka mwisho. Kwa kawaida huandikwa na mwandishi mmoja au wawili, hupangwa episodi 16 (siku hizi nyingi ni 12), kila moja saa moja na dakika chache, na nyingi zina msimu mmoja tu. Za kihistoria ni ndefu zaidi: Jumong, iliyorushwa Korea Kusini mwaka 2006 hadi 2007, ina episodi 81. Hata hivyo zipo zinazorudi. Squid Game ilitoka Septemba 2021 na episodi 9, ikanyamaza zaidi ya miaka mitatu, ikarudi Desemba 2024 na episodi 7, ikamalizika Juni 2025 na 6. Aliyeanza 2021 alisubiri mpaka akasahau majina. Anayeanza leo ana episodi 22 na mwisho wake, kitu cha wiki moja na nusu.

Za Kituruki zinahitaji uangalifu wa hesabu. Kwao hurushwa mara moja kwa wiki, na episodi moja huchukua saa mbili au zaidi. Zikiuzwa nje hukatwa vipande viwili au vitatu. Ndiyo maana tamthilia ya Sultani Süleyman, Muhteşem Yüzyıl, iliyomalizika 2014, ina episodi 139 huko Uturuki, lakini toleo la nje linazidisha idadi hiyo zaidi ya mara mbili. Jirani akikuambia amefika ya 90, uliza ya 90 ya hesabu gani. Jambo la pili ni kwamba zinaishi kwa idadi ya watazamaji wa kila wiki. Idadi ikishuka, kituo huifunga ndani ya wiki chache na mwandishi hulazimika kuozesha, kuua na kusameheana kwa episodi mbili. Tamthilia ya Kituruki iliyofungwa kabla ya kufikisha episodi 13 za kwao ni ya kuogopa.

Za Kimarekani hatari yake ni nyingine: mkataba huongezwa msimu kwa msimu, na msimu humalizwa kwa fundo makusudi ili watu warudi. Wasipoongezewa, fundo linabaki hivyo hivyo. Mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2023, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, pamoja na ule wa waigizaji ulioendelea hadi Novemba, ulichelewesha tamthilia nyingi, na pengo la miaka miwili kati ya msimu na msimu limekuwa jambo la kawaida. Kama ni mpya na ina msimu mmoja tu, tafuta kama wenyewe wameitangaza kuwa tamthilia fupi ya msimu mmoja. Hizo unaweza kuziamini.

Za Kifilipino na Kihindi hurushwa kila siku ya kazi, na wanapoanza hawajafunga urefu. Zikipendwa huongezwa. Pacha aliyepotea, kupoteza kumbukumbu na ajali ya gari vikikutana ndani ya wiki moja, ujue hadithi ya awali ilikwisha na sasa mnavutwa. Za Kiarabu zinazotengenezwa kwa ajili ya Ramadhani huwa na episodi 30, moja kwa usiku, na nyingi humalizika na mwezi. Kwa anayetaka kitu cha baada ya tarawehe, mpangilio huo ni wa raha.

Na za kwetu za YouTube? Fungua ukurasa wa wenyewe, shuka chini mpaka episodi ya kwanza, kisha soma tarehe ukipanda. Kama mwanzoni zilitoka kila baada ya siku tatu, kisha saba, kisha wiki tatu, fedha imewaishia au wamegombana. Usianze. Kama msimu wa kwanza umefungwa na neno "mwisho" na wa pili unatoka kwa ratiba, hao ni watu wa kazi.

Hesabu ya jioni na hesabu ya bando

Chukua idadi ya episodi, zidisha kwa dakika, gawanya kwa muda ulio nao kweli. Mtu anayekaa mbele ya runinga kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 4 ana saa mbili. Ya Kikorea ya episodi 16 za dakika 65 ni saa 17 na dakika 20, yaani jioni tisa. Jumong ni kama jioni 40. Ya Kihindi ya episodi 500 za dakika 20 ni saa 167, karibu miezi mitatu bila kukosa hata siku moja.

Kisha angalia kalenda ya shamba. Kuanzia Oktoba korosho zinaokotwa na minada iko njiani, watu wanalala wamechoka na wanaamka alfajiri. Huo ni wakati wa tamthilia fupi ya episodi 6 au 8. Ndefu inafaa kipindi ambacho kazi imepoa. Mvua za Kusini nazo zina lake: zikiwa nzito hunywa mawimbi ya dishi dogo, picha inaganda, na Januari na Februari unaweza kukosa episodi tatu ndani ya wiki. Kama unafuata ya king'amuzi miezi hiyo, chagua yenye marudio mchana au mwisho wa wiki. Ukikosa moja ya Kifilipino utaelewa tu kesho yake. Ukikosa moja ya upelelezi, umepotea.

Kwa bando, makadirio ya Netflix yenyewe ni haya: kiwango cha chini hula GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, na picha kali inaweza kufika GB 3. Ile ya Kikorea ya saa 17 ni kama GB 5 kwa kiwango cha chini, 12 kwa cha kati, na zaidi ya 50 kwa picha kali. Kwenye kioo cha simu kiwango cha chini kinatosha. Badilisha mpangilio kabla ya kubonyeza, maana programu ikiachwa yenyewe hupandisha ubora kadiri mtandao unavyoruhusu.

Alama za mitandaoni zinasema nini

Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si maksi. 90 maana yake wahakiki 90 kati ya 100 waliona inafaa, hata kama kila mmoja aliipa alama ya wastani tu. IMDb, tovuti nyingine ya picha na tamthilia, hutoa wastani wa kura za watazamaji, na wiki ya kwanza wanaopiga kura ni wapenzi wakubwa, kwa hiyo alama huwa juu na baadaye hushuka. Subiri wiki mbili.

Kilicho na faida kubwa pale IMDb ni alama ya kila episodi. Ifungue tamthilia, ingia kwenye orodha ya episodi, tazama namba tu bila kusoma maelezo. Zikipanda polepole mpaka mwisho, umepata. Zikiwa 8 na 9 kisha msimu wa mwisho zikaporomoka, unajua mapema. Game of Thrones ina episodi 73, na ya mwisho kabisa ilipewa chini ya 5 baada ya misimu mingi ya kusifiwa. Bado unaweza kuitazama, lakini unaingia ukiwa umejiandaa.

Orodha ya kumi bora za wiki inaonyesha zilizofunguliwa kwa wingi, na haikuambii wangapi waliimaliza na kuridhika.

Jaribio la episodi mbili, na kwa nini ya pili ndiyo shahidi

Episodi ya kwanza ni ya kuuzia. Hutengewa fedha nyingi, hupigwa kwa muda mrefu, wakati mwingine miezi kabla ya nyingine. Ajali, harusi, ndege na bahari vyote vinawekwa humo. Ya pili ndiyo inayokuonyesha maisha ya kawaida ya tamthilia: watu wanakaa chumbani wanazungumza. Kama mazungumzo ya chumbani hayakushiki, episodi 14 zilizobaki ni za chumbani pia.

Kwa ya Kikorea, mbili zinatosha kuamua. Kwa ya Kimarekani ya episodi 8 au 10, tazama tatu. Kwa ya Kituruki iliyokatwa, tatu za nje zinaweza kuwa moja tu ya kwao, kwa hiyo ipe sita. Vichekesho vya dakika 20 vipe nne, kwa sababu waigizaji wanakuwa hawajazoeana na mwandishi hajajua nani anachekesha.

Ukiwa unatazama, dakika kumi za kwanza zikipita simamisha na ujiulize: nani anataka nini, na nini kinamzuia? Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja, ama wewe ulikuwa kwenye simu, ama wao hawajui. Episodi ikiisha, jiulize tena: kuna kitu gani sasa ambacho hakikuwapo mwanzoni? Siri imetoka, mtu ameondoka, deni limeongezeka, lolote. Kama unaweza kuifuta episodi nzima na hadithi isipungukiwe, na hilo likatokea mara mbili mfululizo, acha.

Kipimo kikali kuliko vyote ni mazungumzo. Sikiliza kama watu wanaambiana mambo wanayoyajua tayari. Chukua mfano wa ndugu wawili na shamba la mikorosho Newala. Mwandishi mvivu ataandika hivi:

"Salumu, wewe ni mdogo wangu wa pekee, na unajua tangu baba yetu afariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba hili, mjomba anataka kutudhulumu."

Salumu anajua yeye ni mdogo wa nani. Maneno yale hayakusemwa kwake, yalisemwa kwako wewe uliyekaa kwenye mkeka. Mwandishi anayejua kazi atafanya hivi: Salumu anaingia, anamkuta kaka yake akishona mdomo wa gunia.

"Mangapi?"

"Kumi na nne."

"Mwaka jana yalikuwa thelathini."

Kaka anavuta uzi, anaukata kwa meno. "Muulize mjomba."

Hakuna aliyetaja dhuluma, lakini umeshaihisi, na mtu wa Kusini anayejua uzito wa mjomba katika ukoo ameihisi mara mbili. Ukikutana na mazungumzo ya namna hii ndani ya episodi mbili za kwanza, endelea hata kama picha haina mng'aro. Yakiwa ya namna ya kwanza, hata helikopta haitaiokoa.

Jambo moja la haki kwa za Kikorea za episodi 16: nyingi hulegea kati ya ya 10 na ya 13. Usiache hapo. Ulishaipima mwanzoni, vumilia, maana fundo hufunguka kuanzia ya 14.

Iliyotafsiriwa

Hapa watu wengi hukosea. Kuna tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji kadhaa, kila mhusika na sauti yake, na kuna zile ambazo mtafsiri mmoja anasimulia juu ya picha nzima. Mtafsiri hodari wa aina ya pili ni msanii kamili. Anaweza kuifanya picha dhaifu ikuchekeshe saa nzima kwa utani wake, na anaweza kuiua picha nzito kwa kutania mahali pa msiba. Lazima ujue unampenda nani, mtafsiri au tamthilia.

Fanya hivi: chagua tukio la watu wawili wanaozungumza, zima sauti kwa dakika tatu. Je, unaona nani ana hasira, nani anaficha, nani anaogopa? Ukiona, waigizaji wanaigiza na kamera inajua kazi yake. Usipoona kitu ila midomo inayocheza, raha yote ilikuwa ya mtafsiri. Si kosa kuitazama kwa ajili yake, lakini usiilipie bando la picha kali.

Kwa zile zenye sauti nyingi, sikiliza mama na mtoto. Kama mtoto wa miaka sita ana sauti ya mtu mzima aliyebana pua, itakuchosha kabla ya episodi ya kumi. Sikiliza pia heshima: kijana anayemwita mkwewe "wewe bwana" kwa sababu tu Kiingereza kilisema hivyo ni dalili kwamba tafsiri ilifanywa haraka, na mambo mengine yamepotea humo.

Za hapa nchini

Picha inaweza kuwa ya kawaida na tamthilia ikawa nzuri, lakini sauti mbaya haivumiliki. Sikiliza dakika mbili za tukio la nje: kama upepo unavuma ndani ya kinasa au sauti ya mmoja iko karibu na ya mwenzake kisimani, itakuwa hivyo mpaka mwisho, kwa sababu vifaa ni vile vile.

Kisha tazama kanga. Mama wa mhusika akiingia chumbani na kanga ya rangi moja na kutoka na nyingine katika tukio lile lile, hakuna anayesimamia mwendelezo, na hadithi nayo itakuwa na matundu. Na kinyume chake ni furaha: ukiona jina la kanga linasomeka, na linamjibu yule aliyekaa naye barazani bila mdomo kufunguka, umekutana na mwongozaji anayejua pwani. Mfuatilie huyo kwa jina hata katika kazi zake nyingine.

Angalia pia mtu wa Kusini anawekwa wapi. Kama Mmakonde yumo kwa ajili ya kufungua geti na kuchekwa kwa lafudhi, mwandishi amechukua mhusika wa dukani badala ya kumtafuta mwenyewe. Uvivu huo hauishii kwa mlinzi, utaukuta kwa wahusika wake wote. Na ukiamua kuitazama ya hapa, itazame kwenye ukurasa au chaneli ya wenyewe, kwa sababu idadi ya watazamaji wa pale ndiyo inayolipa msimu unaofuata.

Kwenye flashi, kagua kabla ya kuondoka dukani

Panga mafaili kwa ukubwa. Episodi za dakika 45 za ubora wa kawaida huwa karibu MB 150 hadi 200 kila moja. Ukiona moja ina MB 12 katikati ya wenzake, imekatika. Hesabu namba, maana ya 7 hupenda kupotea na ya 8 kuwekwa mara mbili kwa majina tofauti. Fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ya mwisho tazama urefu wa dakika tu usije ukauona mwisho. Flashi iliyoandikwa GB 16 inabeba kama 14.9 kwa hesabu ya kompyuta, yaani episodi zaidi kidogo ya 70 za MB 200.

Ukifika nyumbani runinga ikaonyesha picha bila sauti, faili lina sauti ya mfumo ambao runinga yako haiujui. Ikitoa sauti bila picha, mara nyingi faili limebanwa kwa H.265, mfumo mpya wa kubana video, na runinga ni ya zamani. Omba toleo la H.264, mfumo wa kabla yake. Maandishi ya chini yasipotokea, faili la maandishi halina jina sawasawa na la video. Yakianza vizuri kisha yakazidi kuchelewa kadiri dakika zinavyokwenda, yalitengenezwa kwa toleo lenye kasi nyingine ya picha, na kuyasogeza kwa sekunde hakutasaidia. Tafuta mengine.

Na usichanganye matoleo. La Casa de Papel ilirushwa Hispania mwaka 2017 ikiwa na episodi 15 ndefu, kisha Netflix ikaikata upya kuwa 22. Ukiwa na ya 1 hadi 9 za toleo moja na ukaongezewa ya 10 ya toleo jingine, utarudishwa nyuma au utaruka tukio zima, na utadhani hadithi ndiyo mbovu.

Nani amekaa sebuleni

Alama ya 16 au 18 kwenye kona mwanzoni ni ya kuheshimiwa, lakini haitoshi. Haikuambii kama tatizo ni damu au kitanda, na nyumba yenye mkwe, shangazi na watoto inayahesabu hayo tofauti. Tazama mwenyewe kwanza episodi mbili za majaribio, kwa simu na spika za masikioni, usiku mmoja kabla. Yenye mauaji ya kivita inaweza kukaa sebuleni baada ya watoto kulala. Yenye matukio ya faragha kila episodi ibaki kwenye simu yako. Ukiwa umeianzisha mbele ya watu na ikabadilika ghafla, usihangaike na rimoti gizani: bonyeza kitufe cha kurudi kwenye orodha, si cha kusimamisha, maana kusimamisha huigandisha picha ile ile mbele ya mkweo.

Ukiamua kuacha tamthilia katikati, andika kwenye simu jina, msimu, episodi uliyofikia na sababu kwa maneno matatu: "imevutwa sana", "tafsiri mbaya", "haijaisha 2025". Baada ya muda kava lake litarudi ukutani likiwa na rangi nyingine na jina la mtaani, na hapo orodha yako ndiyo itakayokujulisha kuwa mlishakutana.